Majigambo Yasiyojibiwa: Familia ya Msambweni Mbele ya Lango la Ngome ya Yesu

Wataalamu wa historia ya Kiswahili wamekwisha kutueleza kwamba neno gereza lina asili yake katika igreja, neno ambalo kwa Wareno maana yake ni kanisa. Maelezo haya hutolewa darasani kwa haraka, kama mfano mmoja miongoni mwa mifano ya ukopaji, pamoja na meza, leso na karata, kisha mhadhiri huendelea na mada nyingine. Ni nadra mtu kusimama na kuuliza ni nani aliyeitazama nyumba ya ibada ya watu wengine hata jina lake likawa jina la mahali pa kufungiwa. Maana ya neno haihami kwa bahati nasibu. Wapo waliolitamka neno hili wakiwa nje ya ukuta, na wapo waliolitamka wakiwa ndani. Huenda hao wa ndani ndio walioshinda.

Jengo ambalo wenyeji wa Mombasa hulitaja kwa neno moja tu, Ngomeni, ni kasri la Ulaya lililosimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe. Ramani yake ilichorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Mfalme aliyejengewa ni Filipo wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Na kazi ilifanyika kati ya mwaka 1593 na 1596. Atazamaye kutoka angani huona umbo la mwanadamu aliyelala chali. Yaliyolipata kasri hilo baada ya hapo ni mengi, na hapana haja ya kuyarudia yote. Yatosha kuutaja mzingiro wa Waomani ulioanza Machi 1696 ukamalizika Desemba 1698, utawala wa Wamazrui katika karne ya 18 hadi Sayyid Said alipowashinda mwaka 1837, na miaka 63, tangu 1895 hadi 1958, ambapo serikali ya kikoloni ililifanya jela. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaliingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Haya yote yamo vitabuni. Lisilokuwamo ni namna jengo hili linavyosomwa na watu ambao limewataja bila ya kuwauliza.

Kisa kinachotazamwa hapa ni cha familia moja ya Kidigo kutoka Msambweni: mwalimu wa historia wa shule ya upili, mkewe ambaye ni muuguzi, binti yao wa Gredi ya Tisa, mdogo wake wa kiume mwenye umri wa miaka saba, na mama mzazi wa mwalimu, ajuza aliyepita miaka 80. Walikwenda Mombasa na kurudi siku iyo hiyo, katika likizo ya Agosti. Sababu rasmi ya safari ilikuwa kazi ya shule, kwani binti alitakiwa aandike insha kuhusu mahali pa kihistoria. Sababu ya ajuza ilikuwa nyingine, na hakuitaja hata walipokuwa wamekwisha kuketi ndani ya matatu na kapu la mahamri na mbaazi limekwisha kuwekwa miguuni.

“Nami nataka nikaone pale alipofungwa mjomba,” alisema, kama mtu anayetaja duka analotaka kupitia.

Kwa mila ya Wadigo ya zamani, mjomba hakuwa jamaa wa pembeni. Mtoto alihesabiwa upande wa mamake, na urithi ulitoka kwa mjomba kwenda kwa wana wa dada. Mjomba huyu alitiwa jela katika miaka ya mwanzo ya 1950 kwa kushindwa kulipa kodi ya kichwa. Dada yake, yaani mama wa ajuza, alifunga chakula akaenda kumtazama kwa miguu, akilala njiani kwa jamaa zake wa Tiwi, na mtoto wake mdogo mgongoni kila alipochoka kutembea. Walipofika, askari wa langoni alikipokea kile chakula na kuwaambia warudi. Kwa hiyo ajuza aliujua ukuta ule kwa nje tu. Mnuso wa bahari na rangi ya ukuta ndivyo alivyovikumbuka, pamoja na mkono wa askari ukipokea kifurushi.

Barabara ya kutoka Msambweni kwenda Likoni nayo ina maandishi yake, ingawa hayakuchongwa. Walipita Gasi, ambako Wamazrui walihamia baada ya kuipoteza ngome, na ambako Mbaruk bin Rashid aliinuka dhidi ya Waingereza mwaka 1895, mwaka ule ule ngome ilipogeuzwa jela, kabla ya kuvuka mpaka mwaka 1896 na kujisalimisha kwa Wajerumani. Mwalimu alimwonyesha binti yake upande wa kijiji. Ajuza hakugeuza shingo. Wamazrui wa Gasi walikuwa na mashamba na walikuwa na watumwa, na si kila mtu wa Kwale anayelisikia jina la Mbaruk akasikia jina la shujaa. Kisha wakapita njia panda ya Kinondo. Kaya Kinondo ni mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, miaka 3 kabla ya Ngome ya Yesu. Msitu huo hauna lango la jiwe wala tarehe iliyochongwa. Anayeingia hujifunga kaniki, haokoti wala hakati kitu, na anayoelezwa huelezwa kwa mdomo. Mhakiki aliyezoea kudhani kwamba matini ni karatasi angepata taabu ya kujua aanzie wapi kusoma.

Likoni walipanda feri. Ajuza alisoma Fatiha kimyakimya, kama afanyavyo kila avukapo tangu tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu zaidi ya 270 wakafa. Ng'ambo walichukua tuktuk hadi Ngomeni, na kufikia saa nne wakawa wamesimama mbele ya lango.

Juu ya lango hilo pana jiwe lenye maandishi ya Kireno, na tafsiri yake imewekwa kwa ajili ya wageni. Binti aliisoma kwa sauti, akiwatafsiria wenzake sentensi baada ya sentensi, kwa kuwa insha ilikuwa yake na alitaka ianze vizuri. Msemwa katika jiwe ni nahodha wa ngome, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa cheo hicho mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Jiwe linasema kwamba aliijenga upya ngome. Kwamba aliwatiisha watu wa pwani waliokuwa wameasi chini ya mfalme linayemwita dhalimu. Kwamba wafalme wa miji kadhaa aliwafanya walipe kodi. Kwamba alizibomoa kuta za Pate na Siyu. Kwamba aliwaua wakuu wa Pemba. Na kwamba aliwaadhibu Muzungulos. Baada ya hapo linaorodhesha malipo: nishani, pensheni ya kila mwaka, na ugavana wa mahali pengine huko Asia.

“Mbona kama barua ya kuomba kazi?” binti aliuliza.

Babake alicheka. Kisha binti akarudi nyuma kwenye neno ambalo hakulielewa.

“Baba, hawa Muzungulos ni kina nani?”

Mwalimu alijua jibu la vitabu. Wareno waliliandika jina hilo mara nyingi walipotaja watu wa bara walioizunguka Mombasa, na wanahistoria wengi huwaona watu hao kuwa wahenga wa Mijikenda, au baadhi yao. Hata hivyo, kulisema jambo hilo darasani ni kitu kimoja, na kulisema mbele ya mamake ni kingine.

“Ni watu wa bara,” alijibu. “Ni wazee wetu, au jirani za wazee wetu.”

Ajuza alikuwa akiitengeneza leso yake kichwani. Mikono ilisimama.

“Aliwaadhibu kwa kosa gani?”

Binti alipitisha macho tena. “Hapakuandikwa, nyanya.”

“Soma vizuri, mjukuu wangu. Mtu haadhibiwi bila kosa kutajwa.”

Binti akasoma mara ya pili, polepole, na kosa halikuonekana.

Swali la ajuza linastahili kuzingatiwa kwa makini, kwa sababu ndilo swali la mhakiki. Ukiyachunguza maandishi ya jiwe hilo kwa sarufi yake utaona kwamba karibu kila kitenzi kina mtenda mmoja: alijenga, alitiisha, alibomoa, aliua, aliadhibu. Miji na watu wote ni watendwa. Hakuna kishazi cha sababu isipokuwa uasi na kutolipa kodi. Muzungulos hawakupewa hata sababu hiyo. Wametajwa kwa neno moja na adhabu moja, na sentensi ikaendelea na safari yake kwenda Pemba. Katika fasihi yetu utanzu huu una jina, nao ni majigambo. Mwenye kujigamba husimama mbele ya watu akayahesabu matendo yake, akayatia chumvi, akawatweza washindani wake. Ila majigambo yana kanuni moja ambayo jiwe la lango limeivunja. Sharti pawepo na wa kujibu. Anayejigamba katika ngoma anajua kwamba upande wa pili una mdomo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Wamazrui na watu wa Lamu walipogombana hadi vita vya Shela: shairi la upande mmoja lilivuka bahari na shairi la upande wa pili likarudi. Mabishano yale yalikuwa makali, na watu walikufa, lakini kila upande ulilipokea tusi lake kwa lugha unayoielewa. Nahodha wa miaka 27 aliandika kwa lugha ambayo aliowataja hawakuisoma, mahali ambapo wengi wao wasingepita ila kwa kufungwa. Hayo ni majigambo ya mtu aliyehakikisha kwanza kwamba mlango umefungwa.

Ni rahisi kutokea hapa kumalizia kwamba watu wa bara walikuwa wahanga tu, na uhakiki wetu umewahi kujipumzisha katika kimalizio cha namna hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa. Mwalimu, kwa sifa yake, hakukubali. Binti alipomwuliza kuhusu mfalme aliyeitwa dhalimu, alimweleza habari za Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na mapadri huko Goa, akabatizwa jina la Jerónimo, akarudishwa kutawala, na mwezi Agosti 1631 akaingia ngomeni na kumwua nahodha. Alirudi katika Uislamu, akaishika ngome hadi mwaka uliofuata, kisha akaondoka. Na kwa nini alilelewa Goa? Kwa sababu babake, Sultani Hasan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614. Alikuwa amegombana na nahodha wa Kireno, akakimbilia bara kwa Muzungulos kutafuta hifadhi, nao, kwa kuhongwa na Wareno, wakamwua mgeni wao. Kichwa chake kilipelekwa Goa.

Binti alinyamaza kidogo. “Kwa hiyo hao walioadhibiwa ndio waliomwua?”

“Yapata miaka 20 katikati. Huenda ni watoto wao.”

“Basi mtu akija kwako mbio, ukamwua?” Swali hili hakuulizwa mwalimu. Binti alikuwa amemgeukia nyanyake, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwapo.

Ajuza hakujitetea. “Mgeni haliwi,” alisema. “Waliomla walikosa. Na aliyewapa fedha alikosa, akaja akawaadhibu. Haya, tuingie, jua linapanda.”

Ndani, siku ilikuwa kama siku nyingine za mahali hapo. Mvulana alipata furaha yake kwenye mifupa ya nyangumi na kwenye mizinga, na ilibidi mamake amwondoe juu ya mzinga mmoja mara tatu. Waliingia katika njia iliyochimbwa ndani ya mwamba kuteremkia baharini, wakapita ukumbi wa Wamazrui wenye baraza za mawe, wakavitazama vyombo vilivyotolewa katika merikebu Santo António de Tanna, iliyozama karibu na ngome mwaka 1697 wakati wa mzingiro na kuchunguzwa na wapiga mbizi tangu mwaka 1977. Kilichomsimamisha ajuza kwa muda ni michoro ya mabaharia au askari wa Kireno, iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu juu ya lipu: merikebu, watu, vitu ambavyo havikukamilishwa. Hapa ngome inazungumza kwa sauti isiyo ya nahodha. Aliyechora merikebu ukutani hakuwa akijisifu. Alikuwa amechoka, na merikebu ndicho kitu alichokitamani zaidi. Ajuza aliitambua hali hiyo bila ya kuelezwa. “Huyu naye alifungwa,” alisema. Wasomi wa fasihi ya gerezani, ambao hapa Kenya hawana budi kuanza na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mwana wa Kuze, mtaa usio mbali na ukuta huo, na mashairi aliyoyaandika kwenye karatasi za chooni kati ya mwaka 1969 na 1972, wangemwelewa mara moja.

Baadaye alimwomba mwongozaji wageni amwonyeshe vyumba vya wafungwa. Kijana yule alikuwa na adabu, akamshika mkono kumvusha ngazi, akampeleka hadi kwenye uwanja wa ndani, akanyoosha kidole. Palikuwa na nyasi, na masalio ya misingi ya Kireno na ya Kiomani, na kunguru. Alimweleza kwamba jela ilipofungwa mwaka 1958 na kazi ya ukarabati kuanza, kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, sehemu kubwa ya majengo ya wafungwa ilibomolewa ili yaliyo chini yake, yaliyo ya kale zaidi, yapate kuchimbuliwa na kuonekana.

Hapana anayeweza kuilaumu akiolojia kwa kuchimba. Ikumbukwe pia kwamba majengo yale yalikuwa ya mateso, na wako waliofurahi kuyaona yakianguka. Lakini kila uhariri una bei yake. Mhariri wa muswada wa kale huamua ni tabaka lipi la maandishi ndilo matini na lipi ni madoa ya kufutwa. Hapa karne ya 17 ilichaguliwa kuwa matini, na miaka 63 ya Waafrika waliofungwa kwa kodi, kwa kipande, kwa wizi wa kuku na kwa mengine makubwa zaidi ikahesabiwa kuwa doa. Jiwe la nahodha lingali juu ya lango. Vitabu vingi kuhusu ngome huimaliza miaka hiyo kwa sentensi moja, nayo ni sentensi isiyo na mtenda wala mtendwa: ilitumika kama jela.

Ajuza alitandika leso yake nyasini akaketi, na wengine wakaketi naye. Walikula mahamri. Mkaza mwana alimmiminia chai. Kwa kitambo hakusema neno, kisha akaanza kuvumisha sauti puani, wimbo usiokuwa na maneno, wa kwenda na kurudi kama mchi kinuni.

“Huo ni wimbo gani, mama?” mwalimu aliuliza.

“Wa mjomba.”

Ikawa ndipo mwana, aliyeishi na mamake miaka 50, alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mjomba aliporudi kijijini alirudi na wimbo. Aliutunga ndani. Ulikuwa wa kujigamba: aliyahesabu aliyoyaona na aliyoyafanya katika nyumba ile ya mawe, akamtaja askari aliyekula chakula cha dada yake, akamtaja na aliyemwandika katika daftari la kodi. Wanaume waliuimba penye kayamba na wanawake wakauchukua wakautia katika kutwanga. Askari huyo, ajuza alisema, ilimbidi siku moja apite Msambweni kwa shughuli zake, akausikia.

“Akafanyaje?” binti aliuliza.

“Akaenda zake. Angefanyaje?”

Kwa mtu wa idara ya fasihi hapa pana sababu ya kushtuka. Tangu miaka ya 1970 wanafunzi wa vyuo vyetu wametumwa vijijini na vinasa sauti kukusanya nyimbo, methali na ngano, na rafu za maktaba zimejaa tasnifu zao. Wimbo huu haukuingia katika hata mojawapo kwa mujibu wa ajuza mwenyewe, aliyesema kwamba vijana wa chuo walifika kijijini kwao, wakauliza nyimbo za arusi na za mazishi, nao wakapewa nyimbo za arusi na za mazishi. Hawakuuliza za jela.

Mwalimu alitoa simu mfukoni. Aliishika mbele ya kinywa cha mamake, upande wa kunasia, akamwomba auimbe wenye maneno.

Ajuza aliitazama simu, akautazama ukuta. “Maneno yapo,” alisema. “Si hapa.”

“Mama, tusije tukasahau.”

“Mimi sijasahau miaka yote hiyo, nitasahau leo kabla ya magharibi? Nitaimba nyumbani, na dada zangu wawepo, kwani una waitikiaji wake. Nikiimba peke yangu hapa ni nani atakayeniitikia? Huyu?” Akaonyesha kwa kidevu upande wa lango.

Binti aliacha kuandika. Mamake akaanza kukusanya vikombe, kwa kuwa watu wa Msambweni wanaijua foleni ya feri ya jioni. Mwalimu hakuizima simu mara moja. Jumapili, alipoisikiliza huku mamake akipumzika chumbani na dada zake wakisubiriwa kutoka Milalani na Vingujini, alikuta imenasa dakika nne: upepo, kunguru, mtalii mmoja akiuliza vyoo viko wapi, na ule uvumi wa puani, mara mbili, kabla haujakatwa na sauti yake mwenyewe akiomba maneno.